Tumefiwa: Nani Yumo Ndani ya "Tu"?

Kitenzi kufiwa ni kimoja kati ya vile ambavyo mwalimu wa sarufi hupenda kuviandika ubaoni. Mzizi wake ni ule wa kufa, ambao sisi wa Lubumbashi tunausikia zaidi katika umbo la kufwa. Ongeza kauli ya kutendea, unapata kufia. Ongeza ya kutendwa, unapata kufiwa. Anayekufa ni mmoja, anayefiwa ni mwingine. Jirani zetu Wabemba wamekwenda mbali zaidi: mjane wanamwita mukamfwilwa, na ndani ya neno hilo tunakikuta kitenzi kile kile na viambishi vyake. Kifaransa, ambacho tunakitumia karibu katika masomo yote, husema kwamba mtu "amempoteza" baba yake, kana kwamba alimwacha sokoni. Kiswahili hakisemi hivyo. Kinasema kifo kilimpata mmoja, kikamfikia na mwingine.

Sarufi haituambii ni nani mwenye haki ya kuwa kiima cha kitenzi hiki. Naweza kuandika "jiji limefiwa", "timu imefiwa", "nchi imefiwa", na hakuna mwalimu atakayenipiga mstari mwekundu. Kazi ya kuchagua wameachiwa watu. Nao, kiangazi kilichopita, katika mtaa mmoja wa Katuba, walishindana juu ya neno hilo siku tatu nzima, na mimi nilikuwa nimeshika brashi na kopo la rangi.

Aliyekufa alikuwa winga wa kushoto wa timu yetu ya mtaa, kijana wa miaka 19. Alianguka Alhamisi alasiri katika mazoezi. Hakugongwa na mtu, wala mpira haukuwa karibu naye. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, na walipofika kwa daktari alikuwa amekwisha kukata roho. Kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa umejua. Asubuhi ya pili, turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba yao, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wamekaa ndani juu ya mikeka, na mashabiki karibu mia moja wamesimama barabarani na ngoma zao, wasijue waingie au wabaki nje.

Kiongozi wao ni mzee anayeziba mipira ya magari kwenye njia kuu, kwado kama tunavyosema, lakini kila mtu anamwita Papa Prezida. Alinunua kitambaa cheupe cha mita nne, akanitafuta. Alisema: "Weye unasoma luga ku université. Utuandikie maneno ya nguvu." Alitaka neno moja kubwa katikati: TUMEFIWA. Nilikuwa nimechora herufi mbili za kwanza kwa penseli pale mjomba wa marehemu, ndiye aliyesimamia kilio, alipotoka nje. Alikiangalia kitambaa, akatuangalia sisi.

"Muko banani kwake?" aliuliza. "Siye njo benye kilio. Mulie, kisha murudie kwenu."

Papa Prezida alivua kofia. "Papa," alijibu, "siku ya mechi ulikuwa unasikia tunamuita mutoto yetu. Haukukatala. Leo njo unakatala?"

Anayeifahamu Lubumbashi atanielewa nikisema kwamba hapo hewa ilibadilika. Vijana wanapomzika kijana mwenzao, kilio kinaweza kuponyoka mikononi mwa wazee. Nyimbo zinageuka kuwa mashitaka. Mtu mzima wa jamaa, hasa yule anayeongea sana au anayemiliki kitu kidogo, anaanza kuonyeshwa kidole. Nyuma yangu nilisikia sauti ikisema: "Njo yeye alimukula." Si kila msomaji anahitaji kufafanuliwa maana ya kula katika sentensi hiyo. Kijana mzima, mwenye mbio kuliko wote, anaangukaje bila kuguswa? Kwa wengi pale barabarani, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa limesimama mlangoni na shati jeusi.

Papa Prezida hakuwahubiria. Aliwageukia, akawauliza wale wenye umri kama wanamkumbuka Foé.

Walimkumbuka. Wadogo walikuwa hawajazaliwa, lakini nao walikuwa wameiona picha ile. Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, Kameruni ilikuwa ikiongoza bao moja kwa bila dhidi ya Kolombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara. Katika dakika ya 72, Marc-Vivien Foé, mwenye miaka 28, alianguka kwenye duara la katikati. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Uwanja huo ulikuwa nyumbani kwake: Lyon ilikuwa imechukua ubingwa wa Ufaransa mwaka wa 2002 yeye akiwa ndani ya timu. Jioni hiyo hiyo Wafaransa walicheza nusu fainali yao na Uturuki, na Thierry Henry alipofunga alinyosha kidole mbinguni. Siku tatu baadaye, katika fainali, Kameruni ilifungwa na Ufaransa katika muda wa nyongeza, na manahodha wawili, Marcel Desailly na Rigobert Song, walilipokea kombe pamoja, picha kubwa ya Foé ikiwa kati yao.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba Foé alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao misuli yake hunenepa kupita kiasi. Mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kukimbia, kufunga mabao, kupita mitihani yote ya mwili, huku ukuta wa moyo ukizidi kuwa mnene na umeme unaouendesha ukiwa tayari kuvurugika siku ya jasho jingi. Mara nyingi haumtumii mwenyewe taarifa yoyote kabla. Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalijui, ni kwamba mara nyingi ugonjwa huu unarithiwa: unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Papa Prezida hakuyajua yote haya, lakini alijua ya kutosha. Aliwaambia vijana: "Foé alikulwa na nani? Na mujomba gani, mbele ya camera ya dunia yote?" Hakuna aliyejibu. Mawe yaliyokuwa yameanza kuokotwa yalirudishwa chini. Kitambaa changu kilikuwa bado na herufi mbili.

Usiku ule, karibu na moto, nilijaribu kulifikiria swali la mjomba kwa haki, kwa sababu halikuwa swali baya. Mashabiki ni watu wa wingi. Timu ikishinda, husema "tumeshinda", na hakuna anayewauliza walitoa pasi gani. Ikifungwa, wengine hugeuza nafsi upesi: "wamefungwa". Kiambishi tu- kwao ni kama kiti cha plastiki, mtu anakikalia na anakiacha. Mwenye mtoto hawezi kufanya hivyo. Jumapili inayofuata timu itapata winga mwingine wa kushoto, lakini sahani ya pale nyumbani haitapata mwingine wa kuila. Ukilinganisha hivyo, "tumeshinda" ni sentensi ya bure, na "tumefiwa" ni sentensi ya deni.

Tena, midomo inayolia leo ndiyo iliyotukana jana. Wiki tatu kabla ya kifo, kijana yule alikosa penalti, na maneno aliyorushiwa na mashabiki wake mwenyewe siwezi kuyaandika katika jarida la kitivo. Jambo hili si la Katuba tu. Junior Malanda, mzaliwa wa Brussels mwenye asili ya Kongo, alikuwa kiungo wa Wolfsburg huko Ujerumani. Tarehe 22 Agosti 2014, mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya Bayern mjini Munich, alikosa bao akiwa karibu kabisa na mstari, goli likiwa tupu, na Wolfsburg ikapoteza 2 kwa 1. Picha ile ilizunguka dunia nzima na watu wakacheka. Tarehe 10 Januari 2015, siku ambayo timu ilipaswa kusafiri kwenda kambini Afrika Kusini, Malanda alikufa katika ajali ya gari. Alikuwa na miaka 20. Tarehe 30 ya mwezi ule, Bayern hao hao walikuja Wolfsburg. Uwanja ulimkumbuka kwanza, halafu Wolfsburg ikashinda 4 kwa 1, mabao mawili ya Bas Dost na mawili ya Kevin De Bruyne, na huko kukawa kushindwa kwa kwanza kwa Bayern katika ligi msimu ule. Tangu hapo, anayetaja bao lile lililokoswa hulitaja kwa sauti ya chini. Lakini bao ni lile lile. Kilichobadilika ni masikio ya wanaosikiliza.

Basi, je, huzuni ya shabiki ni ya uongo? Sidhani. Ninao mfano wa karibu zaidi, wa watu ambao baadhi yetu ni ndugu zao kabisa, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Dakar ilianguka baharini, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville. Watu wote 30 waliokuwa ndani walikufa, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Kalusha Bwalya hakuwemo, kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na angesafiri peke yake. Miaka 19 ilipita. Tarehe 12 Februari 2012, katika mji ule ule wa Libreville, Zambia ilicheza fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Walishinda kwa penalti 8 kwa 7, na penalti ya mwisho ilifungwa na Stoppila Sunzu, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa TP Mazembe, kwa hiyo kwa hesabu zetu za Lubumbashi alikuwa mtoto wa hapa. Wengi wa vijana wale walikuwa watoto wadogo mwaka wa 1993. Hawakuwajua waliokufa. Walipewa msiba kama mtu anavyopewa jina, wakaubeba mpaka mahali pa kuutua. Siwezi kumwambia Mzambia kwamba yeye hakufiwa.

Nikaona kwamba tofauti haiko kati ya damu na wasio damu. Iko kati ya wanaolia na kurudi kwao, kama mjomba alivyotuamuru, na wanaolia kisha wakabaki na kitu cha kufanya. Kwetu mwenye kilio hatambulikani kwa machozi, kwa maana hata mpita njia anaweza kulia. Anatambulikana kwa kulala chini, kwa kutoa mchango, kwa kuulizwa na wageni nani wamkabidhi pole, na kwa kuwapo siku turubai linapofunguliwa na watu wote wamekwenda.

Siku ya pili mama wa marehemu alituma mtu aniite. Alikuwa amekaa mkekani, sauti imemwisha. Hakuzungumzia neno tumefiwa hata kidogo. Alisema: "Mwanangu, muandike vile munataka. Lakini muandike jina yake." Nilianza kulitaja jina la uwanjani, lile tuliloliimba misimu miwili. Akatikisa kichwa. Alinitajia jina la babu yake, lile alilopewa siku aliyozaliwa. Nilipotoka na kuwauliza mashabiki, hakuna hata mmoja kati ya mia moja aliyekuwa amewahi kulisikia.

Jambo hilo la jina lilinirudisha kwa Foé, kwa upande ambao nadhani unawahusu hasa wasomi wa lugha na desturi. Klabu mbili zililia kwa namba. Manchester City, alikokuwa amecheza msimu wake wa mwisho, waliiondoa namba 23. Mtu mwingine asiivae. Lyon nao waliiondoa namba 17. Lakini mwaka wa 2008 alifika Lyon Mkameruni mwingine, Jean II Makoun, akaichukua ile 17 kwa kumkumbuka. Ukiwauliza Wazungu wengi, watakwambia namba iliyofungwa kabatini ndiyo heshima kubwa zaidi. Ukiwauliza wazee wetu, watashangaa. Kwetu jina la marehemu halifungwi. Linapewa mtoto, mtoto analibeba, anaitwa baba na watu wanaomzidi umri kwa sababu ya yule aliyelibeba kabla yake. Jina lisilo na mtu ndilo linalotisha. Makoun alifanya jambo ambalo bibi yangu angelielewa bila kufasiriwa. Na yule kijana wa Katuba, kumbe, alikuwa mwenyewe amevaa jezi ya babu yake, nasi hatukujua.

Siku ya maziko, kitambaa kilikuwa na jina tu, refu, kutoka upindo hadi upindo. Mjomba alilisoma, hakusema kitu, akashika ncha moja ya kitambaa na Papa Prezida akashika ya pili. Hivyo ndivyo tulivyokwenda makaburini.

Ugomvi wa mwisho ulikuja baadaye, tena kati ya mashabiki wenyewe. Zilikuwa zimebaki fedha za mchango. Vijana walitaka kuchapisha fulana zenye sura ya marehemu, kila mtu avae siku ya mechi. Wakati huo daktari aliyempokea alikuwa ameiambia familia kwamba, kwa kuwa vifo vya namna hii vinaweza kutoka katika ukoo, ingefaa wadogo wake wawili wapimwe moyo kwa ile mashine inayochora mapigo kwenye karatasi. Neno "ukoo" lilimtia mjomba hofu, na haikuwa ajabu: alikuwa amelisikia likitamkwa barabarani kwa maana nyingine. Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba daktari hamshitaki mtu. Vijana wanaposema "limetoka katika jamaa" wanatafuta wa kupiga. Daktari akisema maneno yale yale anatafuta wa kuokoa. Papa Prezida alizichukua fedha za fulana akazipeleka kwa mama. Wadogo wawili walipimwa, kipimo na chumba cha kungojea, siku moja nzima, mashabiki wanne wakiwa wamekaa kwenye benchi pamoja nao. Matokeo ni ya familia, siyaandiki hapa.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la mjomba kama swali la sarufi. Zipo lugha zinazotofautisha "sisi" mbili. Kimalagasi, kwa mfano, kina isika, sisi pamoja nawe unayesikiliza, na izahay, sisi bila wewe. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Tunacho kiambishi kimoja, tu-, na hakisemi nani yumo na nani yuko nje ya ua. Mjomba aliposema "Siye njo benye kilio", alisema sisi bila ninyi. Papa Prezida alipotaka TUMEFIWA kitambaani, alitaka sisi pamoja nanyi. Wote wawili walitumia Kiswahili sahihi. Lugha ilikuwa imewaachia mlango ambao haufungwi kwa sarufi, na ilibidi waamue wao kwa matendo nani apite.

Siku kilio kilipofungwa rasmi, mjomba alisimama kushukuru. Alianza kwa kuwataja watu wa damu mmoja mmoja, kama desturi inavyotaka, kutoka Kipushi hadi Likasi. Kisha akawataja majirani, kanisa, wanaume waliochimba kaburi. Mwishoni aliangalia upande tuliokaa, nyuma kabisa, akasema: "Na bale ba mupira. Siye bote tulifiwa."

Alisema bote. Kwa kuwa kiambishi hakitoshi, Kiswahili hutupatia neno hilo la kuongeza pale mtu anapotaka kufungua mlango kwa makusudi. Nimelisoma neno ote katika vitabu vya sarufi kama kivumishi cha idadi, na sina neno la kupinga. Lakini siku ile halikuhesabu watu, liliwapa kazi. Mjomba alikuwa ametuingiza, na aliyeingizwa katika kilio hawezi tena kusema "wamefungwa" timu ikishindwa, wala kupita mbele ya nyumba ile bila kuingia kusalimu.

Msimu mpya umeanza. Winga wa kushoto ni mwingine, mdogo, mwoga kidogo, na Jumapili iliyopita alikosa bao la wazi. Watu walifungua midomo. Papa Prezida aligeuka akawaangalia tu, na kelele ikapungua, ingawa haikwisha.